Shaba Ipikayo Kahawa

Sisi wa Kolwezi twaijua shaba ikiwa bado jiwe la kijani huko Musonoi, tena twaijua ikiwa mabamba juu ya malori. Lakini wachache wetu wameiona ikifanya kazi yake baadaye. Leo, wasomaji wapenzi, na tuitazame ndani ya mashine ya kahawa ya Kiitaliano, iitwayo espreso.

Mashine hiyo ina viungo viwili vikubwa. Cha kwanza ni boila, pipa la shaba nyekundu lililozibwa. Cha pili ni kichwa, kipande cha shaba ya manjano, ambapo hufungwa kichujio chenye mpini, kikiwa na unga wa kahawa.

Katika mji wetu, ulioinuka mita zipatazo 1,400 juu ya bahari, maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ndani ya boila, mvuke uliofungiwa huyakandamiza maji, nayo hupata moto hata nyuzi 120. Maji hayo huiunguza kahawa. Ndiyo kasoro ya mashine za kwanza, kama ile ya Luigi Bezzera wa Milano ya mwaka 1901: mvuke ulisukuma maji ya boila moja kwa moja juu ya unga.

Mwaka 1961 kampuni ya Faema, ya Milano pia, ilitoa mashine ya E61. Humo maji ya kahawa hayachanganyiki na maji ya boila. Hupita katika bomba la shaba lililozama ndani ya boila, yakipokea joto kupitia ukuta wake. Kutoka bomba hilo mirija miwili hukifikia kichwa, mmoja juu, mmoja chini. Maji ya moto, kwa kuwa ni mepesi, hupanda kwa mrija wa juu na kukipasha kichwa. Yakipoa kidogo huwa mazito, yakarudi kwa mrija wa chini. Hivyo huzunguka kutwa pasipo kusukumwa. Pampu hufanya kazi wakati wa kutoa kikombe tu.

Mbona basi kichwa kina uzito wa karibu kilo 4? Ni kwa sababu uzito huo huyapunguzia maji moto uliozidi kabla hayajafika kwenye unga. Lakini chokaa ikiziba mirija, mzunguko hukoma, kichwa hupoa, na kahawa huwa chachu. Fundi asiyejua hayo atailaumu kahawa bure.

Nanyi vijana mnaojifunza ufundi, shikeni neno hili. Msilegeze skrubu ya boila kabla ya kuzima umeme, kuutoa mvuke wote, na kuona mshale wa kipimo umerudi sifuri. Wala msiizibe kamwe vali ya usalama, hata ikivuja. Ibadilisheni. Shaba ni mtumishi mwema, lakini mvuke uliofungiwa ndani yake haumsamehi mwenye haraka.