Maktaba ilinde watoto bila kufunga elimu

Mulungwishi, kwenye njia ya Likasi kwenda Kolwezi, inajulikana kwa masomo. Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Katanga kiko hapo, na watoto wa shule nao wana haja ya vitabu na ya intaneti. Mahali kama hapo, maktaba ikiweka ordinateri kwa watu wote, mtoto wa miaka 12 na mwanafunzi wa miaka 25 watakaa kwa zamu mbele ya mashine moja. Tufunge nini, na tuache nini wazi?

Sisi tunasema: kichujio kiwekwe. Sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto, yaani kila mtu asiyefikisha miaka 18. Picha za uchafu hazina nafasi mahali anapokuja kusoma. Tena kuna huduma za bure, kama 1.1.1.3 ya Cloudflare: unaandika namba hiyo kwenye ruta, na tovuti za ponografia zinafungwa kwenye mashine zote.

Lakini tuchague vizuri. Kuna vichujio vinavyofunga kwa kuangalia neno tu. Mwanafunzi anayetafuta habari za kansa ya titi, msichana anayetaka kuelewa hedhi yake, kijana anayeuliza juu ya UKIMWI: wote wanafungiwa mlango pamoja na yule anayetafuta uchafu. Wengi hawatalalamika. Wataona haya, watainuka na kwenda kuuliza mtaani, kwa watu wasiojua zaidi yao.

Hatari nyingine ni mkono unaoshika ufunguo. Wakongomani tunajua jambo hilo. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika inchi, na tulikaa karibu siku 20 bila kuipata. Kichujio kilichowekwa leo kwa ajili ya watoto kinaweza kesho kufunga tovuti ya habari isiyompendeza mkubwa fulani, na msomaji asijue kwa nini.

Marekani walipitia mabishano hayo. Sheria yao ya mwaka wa 2000 inadai vichujio kwenye maktaba zinazopata msaada wa serikali kuu kwa ajili ya intaneti. Mwaka wa 2003 Mahakama Kuu yao iliikubali, na sababu moja ilikuwa kwamba mtu mzima anaweza kuomba kichujio kiondolewe.

Kwetu, tunapendekeza mambo manne. Ordinateri za watoto zitengwe na za wakubwa. Orodha ya aina za kurasa zinazofungwa ibandikwe ukutani, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Mtu mzima akikuta ukurasa wa afya au wa habari umefungwa, afunguliwe bila kuhojiwa. Mwisho, Kiwix iwekwe kwenye kila mashine: ni programu ya bure inayosomesha Wikipedia bila intaneti, hata siku ambayo mega zimeisha.

Kichujio hakilei mtoto. Maktaba bado itahitaji mtu anayezunguka kati ya viti, anayejua watoto kwa majina, na ambaye mtoto hataogopa kumuuliza.