Tusinunue rangi ya picha
Jamani, juzi nililetewa kwenye simu picha ya riali ya fedha ya Maria Theresa, ile yenye mwaka 1780 waliyoitumia wazee wetu Muscat na Unguja. Buluu, zambarau, inawaka kama shingo ya njiwa! Nikalipa. Kufika mkononi, kijivu tupu.

Picha si lazima iwe ya uongo. Fedha hushika utando kwa salfa ya hewani, na rangi zake hutoka pale tu mwanga unapoipiga kwa pembe fulani. Mpiga picha huichagua pembe hiyo hiyo.

Basi dai video, sarafu igeuzwegeuzwe kwenye mwanga wa mchana. Muuzaji akikataa, pesa yako ibaki mfukoni. Na ile ya bibi nyumbani, msiisugue: utando ukitoka, thamani nayo hupungua.