Nani Ahesabu Meno ya Watoto wa Kaisho?

Miongoni mwa maradhi yawapatayo watoto wetu, kuoza kwa meno ni moja ya yale yahesabiwayo vibaya sana. Kipindupindu kikiingia wilayani hutangazwa redioni; surua ikionekana, wauguzi hutumwa vijijini. Lakini gego la mtoto wa darasa la pili likitoboka, hapana aandikaye. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022, lilikadiria kuwa watu wapatao bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa, na kwamba watoto milioni 514 wana meno ya utotoni yaliyooza. Hesabu kubwa namna hiyo hupoteza sura za watu. Yafaa tuulize swali dogo zaidi: katika kata ya Kaisho, kaskazini-magharibi mwa nchi, jirani na Mto Kagera ututengao na Rwanda na Uganda, ni nani ajuaye ni watoto wangapi waliokesha jana kwa maumivu ya jino?

Serikali haikukaa bure. Mafunzo ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979. Tangu miaka ya 1990 vituo vya afya nchini hujaza vitabu vya MTUHA, na huduma za kinywa na meno zina rejesta yake. Kaisho, iliyokuwa chini ya Wilaya ya Karagwe hadi Kyerwa ilipofanywa wilaya mwaka 2012, imo katika utaratibu huo kama kata nyingine zote. Tatizo ni kwamba rejesta ya hospitali humwona yule tu aliyefika hospitalini. Na mtoto wa kijijini hufika lini? Aghalabu hufika shavu likiwa limekwisha kuvimba, baada ya chumvi, karafuu na dawa za mitishamba kushindwa. Wakati huo tiba iliyobaki ni kung'oa. Kwa hiyo rejesta hutupa habari za mwisho wa ugonjwa, wala haitwambii ugonjwa ulianzia wapi.

Chombo cha pili ni uchunguzi wa kitaifa. Kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, huchaguliwa vituo na shule chache, na watu wa rika maalumu hutazamwa vinywa, wakiwemo watoto wa miaka 5, 12 na 15. Kwa kila mtu huhesabiwa meno yaliyooza, yaliyong'olewa kwa sababu ya kuoza, na yaliyozibwa. Kisha hutafutwa wastani. Kipimo hiki chatokana na kazi ya Wamarekani Klein na Palmer ya mwaka 1938, na hadi leo hakijapata mpinzani wa maana. Lakini wanafunzi wa hisabati na watazame jambo moja. Chukueni darasa la mfano lenye watoto 30, kila mmoja akiwa na jino moja bovu. Wastani ni 1. Chukueni darasa la pili, watoto 20 hawana jino bovu hata moja, na 10 waliobaki wana matatu kila mmoja. Wastani ni 1 vilevile. Je, madarasa haya yafanana? Mwaka 2000 Bratthall wa Sweden alipendekeza kwamba theluthi moja ya watoto walioathirika zaidi itafutiwe wastani wake peke yake. Katika darasa la kwanza jibu hubaki 1. Katika la pili huwa 3. Tanzania kwa miaka mingi imehesabiwa miongoni mwa nchi zenye wastani mdogo wa meno yaliyooza kwa watoto wa miaka 12. Naona sifa hiyo imetulaza usingizi. Wastani mdogo haumpunguzii maumivu yule mtoto mmoja aliyebeba meno mabovu ya wenzake watatu.

Namna jino linavyooza yafahamika vizuri. Juu ya meno hujengeka ukoga, utando laini wenye bakteria wengi. Bakteria hao hula sukari na kutoa asidi. Dakika chache baada ya kunywa chai ya sukari, au kumung'unya pipi, asidi huzidi hata kipimo cha pH hushuka chini ya 5.5 hivi, na hapo madini ya gamba la jino huanza kuyeyuka. Mate husafisha na kurudisha madini, lakini yahitaji muda, yapata nusu saa hadi saa nzima. Kwa hiyo idadi ya nyakati ambazo sukari huingia kinywani ina uzito mkubwa. Mtoto anywaye soda yake yote pamoja na chakula cha mchana hupata shambulio moja. Yule aifyonzaye kidogo kidogo tangu mapumziko hadi jioni hayapi mate nafasi. Jambo hili lilithibitishwa Sweden katika hospitali ya Vipeholm miaka ya 1940, ambako wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa peremende za kunata kati ya milo hadi meno yao yakaharibika. Elimu iliyopatikana ni ya kweli. Njia iliyotumika ilikuwa ya aibu, na yafaa mwalimu aisemee darasani.

Liko jino moja ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtoto afikapo miaka sita hivi, gego la kwanza la kudumu huota nyuma kabisa ya meno ya utotoni. Halimsukumi jino lolote atoke, wala hapana pengo linaloonekana. Mzazi hudhani ni jino la utotoni kama mengine, na likitoboka husema, "Liache, litang'oka lenyewe." Halitang'oka ili lije jingine. Ndilo alilopewa mtoto huyo mpaka uzeeni.

Gego hilo laweza kuokolewa bila umeme. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, wataalamu wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walijaribu njia ya kukwangua sehemu laini iliyooza kwa vyombo vya mkono na kuliziba tundu kwa saruji ya meno inayoshikamana na jino. Hapana mashine ya kutoboa, na mara nyingi hapana sindano ya ganzi. Njia hiyo ikaenda kujaribiwa Thailand na Zimbabwe, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza. Mwaka 2021 saruji yenyewe, pamoja na dawa ya meno yenye floridi, iliingizwa katika orodha ya shirika hilo ya dawa za lazima. Ni kinaya kwamba njia iliyozaliwa nchini mwetu ili kuwafaa watu walio mbali na umeme bado ni ngeni kwa wengi wao, nao huendelea kung'olewa.

Upo upungufu mwingine wa hesabu zetu. Katika miaka ya 1980 na 1990 ulienea Tanzania uvumi wa "meno ya nailoni", ambao upande wa pili wa mpaka, huko Ankole, wafanana na imani ya ebiino. Mtoto mchanga akiharisha au kupata homa, husemwa kuwa ufizi wake uliovimba wafunika meno mabaya, na chembe za chonge zake hufukuliwa kwa kisu au kwa njiti ya baiskeli. Ufizi wa mahali hapo ni mnene kwa kawaida, kwa sababu chonge limo ndani lakua. Kuhara kwatibiwa kwa maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa, na homa hutibiwa kituoni. Kitendo hicho huweza kuleta pepopunda, damu kupotea, na kuharibika kwa chonge la kudumu lililo chini. Nayo hesabu ya meno yaliyooza haiyaoni mapengo hayo, kwa kuwa hayakutokana na kuoza. Mtoto aliyeumizwa hivyo huweza kuandikwa kuwa na kinywa kizima.

Nini basi kifanyike Kaisho? Mapendekezo yangu ni ya bei ndogo. Kila shule ina daftari la mahudhurio. Mtoto asipokuja, mwalimu aulize sababu. Ikiwa ni jino, pembeni mwa alama ya kutokuwapo aandike herufi J. Mwisho wa mwezi herufi hizo zijumlishwe kwa kila darasa, bila majina, na jumla ipelekwe kituo cha afya na kwa mtaalamu wa meno wa wilaya. Najua walimu watalalamika kuwa wamejaziwa karatasi za kutosha, nao wana haki. Lakini hii ni herufi moja. Wengine watasema haiwahesabu wale wajao shuleni huku wakiumwa. Ni kweli, hata hivyo huonyesha shule ipi itembelewe kwanza, jambo ambalo rejesta ya hospitali haiwezi kulionyesha.

Wanafunzi wa sekondari wasomao biolojia waweza kuchora jedwali na grafu za hesabu hizo. Wasitie vidole wala vijiti vinywani mwa wenzao. Kazi hiyo ni ya mtaalamu mwenye glavu na vyombo vilivyochemshwa. Waweza pia kukagua maduka ya jirani: je, dawa za meno ziuzwazo zina floridi, na ni kiasi gani? Kwa kawaida hutakiwa sehemu 1000 hadi 1500 katika milioni. Mtoto wa miaka mitatu hadi sita hutosheka na kiasi cha punje ya njegere, asubuhi na kabla ya kulala, ateme bila kusukutua kwa maji mengi. Mswaki wa mti wafaa ukitumiwa kwa uangalifu, ila floridi hutoka kwenye dawa.

Wauza pipi wa langoni nao wasifukuzwe kama wezi, kwani wengi ni wazazi wa watoto hao hao. Mkuu wa shule awaite, akubaliane nao wauze karanga na ndizi mbivu badala ya peremende. Ndizi Kaisho haijapata kukosekana. Mkataba huo waweza kuanza muhula ujao, pamoja na herufi J ya kwanza.