Njia Mbili za Mtaro Mmoja

Mtoto wa ami yangu yuko Houston. Kazi yake ni kupanga njia za data za kampuni ya simu. Septemba 2025, nyaya za baharini zilipokatika karibu na Jeddah, tulikuwa tukiongea kwa video, mara sura yake ikaganda. Tulipopatana tena nikamuuliza: "Nyinyi huko nyaya hazikatiki?"

Akacheka. "Zinakatika sana. Ila sisi tunazikata kwanza kwenye kompyuta."

Akanieleza. Programu yao inachukua ramani ya mtandao mzima, ukubwa wa kila njia, na kiasi cha data kinachotoka kila mji kwenda mwengine. Kisha inakata njia moja moja, kwa majaribio tu, kuona mzigo unahamia wapi. Chukua Dallas na Houston. Njia ya moja kwa moja ikifa, data inaweza kuzungukia San Antonio. Je, itaenea huko? Ikiwa njia hizo zina ukubwa sawa na kila moja imejaa asilimia 60, itakayobaki itatakiwa kubeba asilimia 120. Haiwezekani! Lakini siku ya kawaida ukitazama, utasema mambo shwari.

Wapangaji huuliza na jengine: njia hizo mbili zimepita mtaro mmoja? Kwenye karatasi ni mbili, lakini tingatinga moja la wachimba barabara litazikata zote.

Hapo ndipo linapotuhusu sisi. Bahari ya Shamu ndio mtaro wetu. Februari 2024 zilikatika huko nyaya kadhaa, zikiwemo SEACOM na AAE-1. Mwaka uliofuata yakarudi yale yale. Wingi wa nyaya si kinga ikiwa zote zimelazwa pamoja.

Kwa hiyo nasema wazi: kampuni zetu za simu na wanaozisimamia watuambie, kwa lugha ya kueleweka, waya mkubwa ukikatika data zetu zitapita wapi, na huko kuna nafasi kiasi gani. Hatutaki siri za mtu. Biashara zetu, masomo ya watoto na simu za jamaa walio mbali vyote vimo humo.

Na wewe mzazi mwenye kijana anayesomea kompyuta, mwambie kazi hii ipo, na Ghuba inaihitaji. Tahadhari kabla ya hatari.