Ngao za Gofu na Madumu ya Miasenyi

Nikingoja gari la moshi kituoni Miasenyi, mchungaji mmoja aliniuliza: "Bwana, huo mchezo wa gofu ni wa nani hasa?"

Swali si jepesi. Klabu ya gofu ya Mombasa ipo tangu 1911, mashimo yake tisa yakitazama bahari. Ile ya Royal Nairobi ilianza 1906, na Ngao yake ya Tannahill, shindano la wachezaji wa ridhaa lililoanza 1924, huchezwa wakati wa Pasaka. Enzi ya ukoloni, Mwafrika aliingia vilabuni kwa mlango wa kazi tu: kubeba mkoba, kukata nyasi. Na ni kutoka kwa wabeba mikoba hao walikotokea baadhi ya wachezaji wetu hodari wa kulipwa. Waliiba mchezo kwa macho. Ubaoni huandikwa bingwa. Aliyembebea fimbo hatajwi.

Halafu kuna maji. Nyasi za gofu hunywa mengi mno, sisi wa pwani twajua tabu ya mifereji mikavu. Bomba la Mzima lapita Taita Taveta tangu miaka ya 1950 likienda Mombasa, na siku ile niliwaona kina mama wakisukuma madumu kwa mkokoteni. Sidai kwamba maji ya bomba hilo ndiyo yanayonywesha viwanja. Nataka tu vilabu, vikitangaza washindi wao, vitangaze pia hesabu ya maji yao na yanakotoka.

Gari likafika. Mchungaji hakupanda, ng'ombe wake walikuwa hawajanywa.