Ugomvi huanzia kwenye mizani

Ushauri wa kawaida ni kwamba meneja awasikilize wafanyakazi. Sawa, lakini huku kwetu Kaplong, kwenye mashamba ya chai, tungeuliza: awasikilize lini? Mei 2023, mashine za kuchuma chai zilipochomwa Kericho, hasira ile haikuwa ngeni. Wafanyakazi wa mashamba waligoma kwa sababu ya mashine za namna hiyo tangu mwaka 2010. Kikao kinachoitishwa baada ya mashine kufika shambani ni tangazo tu.

Awasikilize mapema, kuanzia kwenye mizani, maana mchumaji hulipwa kwa kilo. Kwa hiyo anayeshika mizani ameshika chakula cha watoto wa mwenzake, na akikata kilo mbili za "maji" kwenye majani bila maelezo, chuki imeshapandwa. Meneja aanzie hapo: kipimo kisomwe mbele ya mchumaji, naye aandikiwe papo hapo.

Halafu nyapara asiwe ndiye anayegawa kazi na pia kupokea malalamiko. Februari 2023 BBC iliripoti kuwa wanawake zaidi ya 70 walisema walidhulumiwa kingono na wakubwa wao kwenye mashamba ya chai. Mmoja wao angemshtakia nani? Malalamiko yapokewe na mtu wa nje ya shamba, anayejua Kipsigis, mwenye uwezo wa kumsimamisha nyapara siku hiyohiyo.