Kelele za saa tisa usiku, wakaja na mapanga!

Leo nawapa siri yangu: mimi ni mgonjwa wa riadha. Ndiyo, hapa hapa Gongo la Mboto, ambako mtu akikuuliza "timu gani?" majibu anayoyajua ni mawili tu, Simba au Yanga. Ukimwambia unashabikia mbio, anakuangalia kama umesema unashabikia mvua.

Shabiki wa mpira ana raha yake bwana. Timu ikifungwa mnalia wote pale kibanda umiza, mnamtukana refa wote, mnarudi mnapoozana njiani. Sisi wa riadha kila mtu analia kivyake. Siku moja nilimwomba mwenye kibanda aniwekee marathoni.

"Inachukua muda gani?"

"Saa mbili na dakika kumi hivi."

"Na wanafunga mangapi?"

Nikaondoka zangu.

Na huu ugonjwa una historia ya kukosa kidogo tu. Moscow 1980, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walirudi na fedha, dhahabu hakuna. Boston 1988, Juma Ikangaa kashindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde 1. Moja! Umekimbia kilomita 42 na ushei, halafu sekunde moja. 1989 wa pili tena, 1990 wa pili tena. (Angalau New York 1989 alituponya, kashinda kwa saa 2:08:01.)

Kisha akaja huyu wetu, Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, askari wa JWTZ. Rio 2016 wa tano. London 2017 shaba, nikatembea wiki nzima kama nimeikimbia mimi. Paris 2024 wa 17, nikasema basi, tumeachana. Aprili 2025 si akaenda Boston akawa wa pili! Moyo ukarudi mbio, kama mpenzi aliyekuacha halafu baada ya miezi minane anakutumia "mambo".

Ndipo ikafika Jumatatu ya Septemba 15, 2025, mashindano ya dunia, Tokyo. Kule asubuhi, huku kwetu saa saba na nusu za usiku. Nimejifunika shuka, simu mkononi, kioo kina ufa, bando la kupimapima. Kwanza kuna mtu kachomoka kabla ya bastola, wote wakarudishwa. Jamani, kilomita 42 unawahi nini?

Saa nzima ya kwanza ni mateso ya kimya kimya. Kundi kubwa, unamtafuta mtu wako, unamwona, anapotea. Unajiuliza kachoka? Anajificha? Kila anayechomoka mbele unamwombea mabaya, Mungu anisamehe. Wanaanza kupungua. Kumi. Watano. Naona Simbu yumo. Mdomo umekauka, maji yako mezani na siwezi kunyanyuka.

Wakaingia uwanjani watatu: Mjerumani Amanal Petros, Mwitaliano Iliass Aouani, na Simbu. Mjerumani kaondoka. Nikajua ndiyo yale yale, fedha nyingine hiyo. Na hapo hapo picha ikaganda! Kiduara kinazunguka. Mita mia za mwisho na kiduara kinazunguka! Niliitikisa simu kama chupa ya dawa.

Picha inarudi, Mjerumani yuko chini kajitupa kwenye mstari, Simbu kasimama, na hakuna anayejua nani kashinda, hata yeye mwenyewe. Wote saa 2:09:48. Ikabidi ipimwe picha. Halafu jina likatokea ubaoni. Simbu! Kwa sekunde 0.03! Dhahabu ya kwanza ya Tanzania tangu mashindano hayo yaanze 1983.

Nikapiga ukelele ambao sijawahi kuupiga.

Sasa ninyi mnajua, Gongo la Mboto saa tisa na dakika arobaini usiku, ukelele una maana moja tu. Milango ikafunguliwa, tochi zikawaka. "Yuko wapi? Kapita wapi?" Naufungua mlango, kuna jirani ana rungu, mwingine mchi wa kinu, na mzee wa chumba cha mwisho ana panga.

"Hakuna mwizi," nikasema. "Simbu kashinda."

"Simbu ndo nani?" akauliza wa rungu. Nikaeleza. Akasonya, akarudi kulala. Wa mchi akaniambia maneno ambayo mhariri hatayachapa.

Mzee akabaki. "Shikamoo," nikamwambia, kwa aibu.

"Marahaba. Ameshinda kwa kiasi gani?"

Nikamtajia. Akatikisa kichwa. "Bayi mwaka 1974 kule Christchurch hakungoja picha. Alitangulia mwanzo mpaka mwisho, rekodi ya dunia ya mita 1500. Tulisikia redioni." Kisha akachuchumaa mlangoni, panga mapajani. "Hebu iweke niione."

Bando lilibaki la kubahatisha, lakini nikaiweka. Mzee matokeo anayajua, nimemwambia mwenyewe. Mjerumani alipoondoka, mzee akanikamata mkono. "Anamwacha huyu! Ongeza kijana, ongeza, mshike, mshikeee!"

Dirisha la mwenye nyumba likafunguliwa kwa kishindo. "Nyie! Ashikwe nani? Si mmesema hakuna mwizi?"